KARATASI ISIYO NA JINA

Je, mmewahi kuamka asubuhi mkakuta karatasi imebandikwa ukutani, au kwenye mwembe wa sokoni, au kwenye mlango wa ofisi ya kijiji, ina maneno ya kumcheka mtu fulani, na chini yake hakuna jina la aliyeiandika? Watu hukusanyika, mmoja huwasomea wasiojua kusoma, wengine hucheka, wengine huondoka kimya. Kabla ya jua la saa sita habari zimekwisha fika mpaka kijiji cha pili.

Huku kwetu mwambao wa Tanga tunayo maneno mengi ya usemi unaochoma: tuna fumbo, tuna kijembe, tuna mpasho. Lakini karatasi ile ya usiku hatukuipa jina lake la peke yake. Wazungu wanalo jina hilo, na ajabu yake ni kwamba lilizaliwa Roma, mji wa Baba Mtakatifu, tena waliochekwa walikuwa Mapapa na Makardinali. Nataka niwasimulie habari za neno hilo, kisha nitawaeleza jambo lililotokea kwenye ubao wa parokia yetu, ambalo mimi mwenyewe nina fungu langu la lawama ndani yake.

JIWE LILILOPEWA MDOMO

Mwaka 1501 Kardinali Oliviero Carafa alisimamisha sanamu ya kale kwenye kona ya jumba alilokaa, karibu na uwanja wa Navona mjini Roma. Sanamu hiyo ilikuwa imefukuliwa ardhini, nayo ilikuwa imeharibika sana: mikono haina, na uso umelika. Wenye elimu husema ni mabaki ya sanamu ya Menelao, shujaa wa Wayunani, akiuinua mwili wa mwenzake Patroklo aliyeuawa vitani. Lakini watu wa mtaani hawakujali mambo ya Menelao. Wao waliiita Pasquino. Wengine walisema Pasquino alikuwa mshona nguo wa jirani, wengine kinyozi, wengine mwalimu wa shule. Kila mmoja alikuwa na hadithi yake.

Kila tarehe 25 Aprili, sikukuu ya Marko Mtakatifu, sanamu ilivikwa nguo za mapambo, na wanafunzi wakabandika juu yake beti za Kilatini walizotunga. Ulikuwa mchezo wa shule, na toka mwaka 1509 beti hizo zilipigwa chapa katika vitabu. Lakini haukupita muda mrefu, wakaja watu wengine usiku, na beti zao hazikuwa za shule. Waliandika juu ya kodi, juu ya wakubwa wanaopenda mali, juu ya vyeo vinavyouzwa. Asubuhi watu wakipita husoma na kucheka. Karatasi ya namna hiyo ikaitwa paskwinata, yaani kitu cha Pasquino. Wafaransa na Waingereza nao wakalichukua neno hilo katika lugha zao, wakasema paskwinadi. Hivyo jina la jiwe likawa jina la usemi.

Lazima tuelewe kwa nini jambo hili lilitokea. Siku zile Papa alikuwa mchungaji wa Kanisa na pia mfalme wa nchi, na mambo yalikaa hivyo mpaka mwaka 1870. Yeye ndiye aliyetoza kodi, yeye ndiye aliyekuwa na askari na gereza. Magazeti hayakuwapo, wala mtu mdogo hakuwa na baraza la kusimama na kuuliza. Basi watu waliokosa mdomo walilipa jiwe mdomo.

Inasimuliwa kwamba Papa Adriano wa Sita, aliyetawala mwaka 1522 na 1523, aliudhika mno akataka sanamu itupwe katika mto Tiber. Mshauri wake mmoja akamwambia aache, maana Pasquino akitiwa majini atalia zaidi, kama chura. Sanamu ikabaki. Baadaye ilipata na mwenzake, sanamu nyingine iitwayo Marforio, na watu wakawa wanabandika swali kwa Marforio na jibu kwa Pasquino, kama wazee wawili wanaozungumza barazani. Papa Urbano wa Nane, wa ukoo wa Barberini, alipoivua shaba ya hekalu la kale la Pantheon ili kufulia mizinga, mtu mmoja alitunga maneno machache ya kucheza na jina la ukoo ule, kuonyesha kwamba umefanya yale ambayo hata mataifa yaliyoiteka Roma zamani hayakuyafanya. Maneno hayo hayajasahauliwa mpaka leo.

Mchezo huu haukuwa wa bure. Mwaka 1570 mwandishi Niccolò Franco alinyongwa mjini Roma kwa sababu ya maandishi yake dhidi ya Papa Paulo wa Nne na jamaa zake. Nao walikuwa watu wa ukoo wa Carafa, ukoo ule ule wa Kardinali aliyeisimamisha sanamu.

Sisi Wakatoliki hatuna sababu ya kuona haya kuyasimulia haya. Kanisa halikuanguka kwa ajili ya karatasi, na makosa mengine yaliyotajwa pale yalikuwa ya kweli. Lakini tusidhani kwamba kila karatasi ilikuwa sauti ya mnyonge. Papa Leo wa Kumi alipofariki mwishoni mwa mwaka 1521, Makardinali wakakusanyika kumchagua Papa mpya, na karatasi zikajaa juu ya Pasquino kuwachafua waliotajwa kuwa huenda watachaguliwa. Mwandishi mmoja mkubwa wa karatasi hizo alikuwa Pietro Aretino, naye alikuwa mtu wa Kardinali Giulio de' Medici. Waliosoma walidhani jiwe linasema kwa niaba ya maskini, kumbe mkubwa mmoja alikuwa akimpiga mkubwa mwenzake kwa mkono wa kukodi. Hilo ndilo kosa la kwanza la karatasi isiyo na jina. Msomaji hajui ni nani anayemchekesha, wala kwa faida ya nani.

NGUO INAYOSEMA

Sasa turudi kwetu pwani. Mama wa Pangani au wa Ngamiani akiudhiwa na jirani, haandiki karatasi. Huenda dukani akatazama kanga. Kanga, kama mjuavyo, ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani maneno yaliyopigwa chapa chini ya mji. Nguo hii ilianza pwani yetu mwishoni mwa karne ya 19. Wanawake walinunua leso, wakazishona pamoja kuwa nguo moja kubwa, na neno leso lenyewe tulilipata kwa Wareno. Kisha wafanyabiashara wakaagiza nguo nzima nzima. Mjini Mombasa, Kaderdina Hajee Essak alianza biashara yake mwaka 1887, na kanga zake zenye alama ya "Mali ya Abdulla" zikajulikana mwambao wote. Majina ya kanga hapo kwanza yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa herufi hizi tunazosoma sasa.

Basi yule mama huchagua kanga yenye jina, mathalani "Kikulacho ki nguoni mwako", akajifunga na kupita mbele ya mlango wa jirani akienda kisimani. Hakumtaja mtu. Jirani akikasirika na kujibu, amekiri mwenyewe kwamba yamempata. Akinyamaza, yameisha. Na akitaka kujibu kwa adabu, naye huenda dukani akatafuta jina lake.

Hicho ndicho tunachokiita kijembe. Neno hili ni wembe mdogo. Wazee wanamkumbuka mpiga chuku, aliyemchanja mgonjwa kidogo kwa wembe kisha akaweka pembe ili kuitoa damu mbaya. Alichanja juu juu tu, akaacha. Angezidisha, angemwua mgonjwa. Na lugha yetu ina hekima: kupiga chuku maana yake pia ni kutia chumvi katika habari, kusema zaidi ya yaliyokuwapo. Ni kana kwamba wazee walituonya kwamba mwenye wembe mkononi ni rahisi kuzidisha.

Fumbo nalo latoka katika kufumba, kama kufumba macho au kufumba mkono. Ni neno lililofumbwa, na mwenye akili hulifumbua. Na mpasho watoka katika kupasha, kama kupasha habari. Neno hili lilivuma zaidi tangu miaka ya 1990 kwa nyimbo za taarabu za kujibizana, lakini mashindano yenyewe ni ya zamani. Hapa Tanga wazee wanavikumbuka vikundi vya Black Star na Lucky Star vya miaka ya 1960 na 1970, na jinsi kila upande ulivyokuwa na wapenzi wake.

Hata mtunzi wetu mkubwa, Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani karibu na Tanga, aliitumia njia hii ya fumbo. Alikuwa karani wa serikali, na kwa miaka mingi alifanya kazi ya forodha Pangani. Mwaka 1951, nchi ikiwa bado chini ya Waingereza, kilitoka kitabu chake Kusadikika, habari za nchi iliyo angani, ambako mtu mmoja aitwaye Karama anashitakiwa kwa sababu anawafundisha watu elimu ya sheria. Hakuitaja serikali yoyote ya duniani. Wenye masikio walisikia. Wala hakujificha: jina lake lilikuwa juu ya jalada, kila mtu aliliona.

Wasomaji, tazameni tofauti hii vizuri, maana ndiyo kiini cha maneno yangu. Kule Roma anayesema amejificha, na anayesemwa amewekwa wazi mbele ya watu. Huku pwani mambo ni kinyume: anayesema yu wazi, kanga iko mwilini mwake, na anayesemwa amefichwa. Mama wa kanga akimwonea mtu, majirani watajua ni nani aliyeonea, nao watamwambia. Mwandishi wa usiku nani atamwambia? Na kijembe humwachia aliyechomwa mlango wa kutokea, kwa kuwa jina lake halikutajwa. Karatasi ya usiku humfungia mlango huo, huku mwandishi akijiachia wake.

ALIYEKUBALI KUJIBIWA

Iko na njia ya tatu, iliyo ngumu kuliko hizo mbili. Sisi wa Jimbo la Tanga tunawajua Mapadre Warosmini, waliofika Tanganyika mwaka 1945 na kufanya kazi katika milima ya Usambara na huku pwani. Mwanzilishi wao, Padre Antonio Rosmini wa Italia, aliandika mwaka 1832 kitabu juu ya madonda matano ya Kanisa Takatifu. Humo alisema waziwazi kwamba waumini wametengwa na mapadre katika ibada, kwamba mapadre hawafundishwi ya kutosha, kwamba wafalme wanaingilia uchaguzi wa maaskofu, na mengine. Juu ya mali ya Kanisa alisema lingekuwa jambo jema hesabu zitangazwe kila mwaka, yaliyopokewa na yaliyotumika, ili waumini waone.

Hayo yote angeweza kuyabandika usiku juu ya Pasquino. Yeye aliyapiga chapa kitabuni mwaka 1848. Mwaka uliofuata kitabu kikatiwa katika orodha ya vitabu vilivyokatazwa. Rosmini akatii, hakuliacha Kanisa wala hakulitukana, akafariki mwaka 1855. Ilikuwa baada ya miaka mingi sana ndipo jina lake liliposafishwa, na tarehe 18 Novemba 2007 akatangazwa Mwenye Heri mjini Novara. Neno lile lilimletea mwenyewe taabu. Lakini kwa kuwa lilikuwa na mwenyewe, liliweza kujibiwa, kupimwa, na mwishowe kukubaliwa.

KWENYE UBAO WETU

Sasa nisimulie la kwetu. Mimi ni karani wa parokia. Kazi yangu mojawapo ni kubandika matangazo ya ndoa kwenye ubao ulio karibu na mlango wa kanisa. Miaka michache iliyopita, Jumapili moja asubuhi, nilikuta karatasi nyingine imebandikwa kando ya matangazo yangu. Alikuwa amechorwa mtu mwenye tumbo kubwa, amelala usingizi juu ya rundo la mabati, na chini yake mashairi mafupi ya kejeli. Jina la mchoraji halikuwapo. Jina la mchorwa lilikuwapo, tena kwa herufi kubwa. Alikuwa ni mzee wetu mmoja, mtunza fedha za kuezeka kanisa la kigango.

Niliibandua mara moja, lakini watu wa Misa ya kwanza walikuwa wamekwisha isoma. Wengine walikuwa wamekwisha ipiga picha kwa simu, na kufika jioni ilikuwa imesambaa kwa watu ambao hawajawahi kukiona kigango chetu. Wajukuu wa mzee yule wakaitwa "mabati" shuleni. Yeye akaacha kazi ya fedha, na kwa muda mrefu akawa anasali kigango cha mbali, anatembea kwa miguu alfajiri ili asipite mbele yetu.

Je, alikula fedha? La hasha. Fedha zilikuwa kwa mwuza mabati, zimelipwa kama malipo ya kwanza, nasi tukingoja kuongeza zilizobaki. Stakabadhi ilikuwapo. Ilikuwa katika saraka ya meza yangu.

Hapa ndipo penye fungu langu la lawama. Mama mmoja mzee alikuwa amesimama mara mbili katika mkutano akauliza kwa adabu, "Mwanangu, hesabu za mabati mtatusomea lini?" Mara mbili nilimjibu, "Tutasoma, mama." Sikusoma. Ilipita miezi minane. Sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa na uvivu, na labda kiburi kidogo cha mtu mwenye ufunguo wa ofisi. Mwandishi wa usiku alimsingizia mzee asiye na kosa, naye atajibu mbele ya Mungu. Lakini mimi ndiye niliyeuziba mdomo wa watu, na mdomo ukizibwa hutafuta jiwe.

Tulisoma hesabu Jumapili iliyofuata, stakabadhi ikainuliwa juu watu wote waione. Kanisa zima lilinyamaza. Lakini hakutokea mtu wa kumwomba mzee radhi, kwa sababu aliyeandika hakuwa na jina. Kanisa hutufundisha kwamba aliyemharibia mwenzake sifa anadaiwa kuirudisha, kama vile mwizi anavyodaiwa kurudisha alichoiba. Mwandishi asiye na jina amejinyima hata njia ya kulipa deni lake. Na sisi tuliosoma na kucheka tulidhani hatudaiwi kitu.

Nimefikiri mara nyingi juu ya ubao ule. Tangazo la ndoa nalo ni karatasi iliyobandikwa mbele ya watu, ili anayejua kizuizi aje aseme. Lakini huja mchana, ofisini, kwa jina lake, na Padre humsikiliza kabla ya kuamua. Kanisa limejua tangu zamani namna ya kuwauliza watu wote bila kumwaibisha mtu mmoja.

Basi, wasomaji wapenzi, nawaomba mambo machache. Mkikuta karatasi isiyo na jina, ukutani au katika simu, msiipeleke mbele kabla ya kujiuliza: je, mimi ningetia jina langu hapo chini? Ikiwa unalo neno juu ya mwenzako, kumbuka Bwana wetu alivyotufundisha katika Injili ya Mathayo, sura ya 18: umwendee kwanza ninyi wawili peke yenu, kisha pamoja na mashahidi, ndipo ulipeleke kwa Kanisa. Na ninyi wenye ufunguo, wenyeviti, makatekista, watunza fedha, makarani wenzangu, msisubiri karatasi. Bibi mmoja akiuliza kwa adabu, mjibuni wiki ile ile. Pasquino hakuumbwa na watu wabaya tu. Aliumbwa pia na wakubwa wasiopenda kuulizwa.

Yule mzee wetu amekwisha rudi, ingawa kazi ya fedha hakuitaka tena. Siku alipoketi tena benchi lake la zamani nilimfuata nje baada ya Misa, nikamwomba radhi kwa sehemu yangu. Alinitazama kidogo, akasema, "Umechelewa, mwanangu, lakini umekuja kwa miguu yako." Kisha tukaenda pamoja kutazama paa.

Toka hapo, kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, kando ya matangazo ya ndoa, nabandika hesabu za kigango: zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki. Chini yake natia sahihi yangu na saa ninazokuwa ofisini. Juzi mama yule yule mzee alikuja na kunionyesha kosa la kujumlisha. Nikalisahihisha mbele yake.